Dramu za umeme kwenye laptopu: unarekodi nini hasa?

Kila mwaka wa masomo ukiisha, vikundi vya muziki hapa chuoni huaga watu. Waimbaji wanaondoka, mpiga kinanda anaondoka, na mpiga dramu, ambaye kwa kawaida ni mmoja tu kwa kikundi kizima, naye anaondoka. Sauti ya nne ikipungukiwa mtu mmoja, kwaya inaendelea. Dramu zikikosa mtu, kazi ya miaka mitatu inabaki vichwani mwa watu na kwenye video za simu, zile ambazo besi yake inasikika kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Kwenye kwaya yetu mpigaji yuko mwaka wa tatu, ana nyimbo kumi na moja mikononi, na hakuna hata moja iliyoandikwa popote. Ndiyo maana tangu muhula uanze mimi naye tumekuwa tukizirekodi jioni, kwa seti ya dramu za umeme ya kikundi na laptopu yangu yenye RAM ya GB 4. Wengi wamekuja kuchungulia na kuuliza, na maswali yao yanafanana. Basi nayajibu hapa mara moja.

Tuanze na lile linalowachanganya karibu wote: ule waya wa USB unapitisha nini?

Seti ya dramu za umeme ina pedi za mpira au za wavu, na kila pedi ina kihisi kidogo kwa ndani. Pigo likitua, kihisi kinapeleka mshtuko mdogo wa umeme kwenye boksi lililofungwa pembeni ya seti, lile lenye vitufe na kioo. Boksi ndilo lenye sauti. Linaangalia ni pedi gani imepigwa, na kwa nguvu gani, halafu linacheza sauti iliyohifadhiwa ndani yake: snea, tomu, kreshi, hai-hati. Pedi yenyewe haina sauti zaidi ya tap-tap ya mpira.

Boksi hilo lina milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni tundu la hedifoni au la spika. Hapo inatoka sauti yenyewe, ileile unayoisikia ukipiga. Wa pili ni tundu la USB, la mraba, linalotumia waya uleule wa printa. Kwa seti nyingi za bei ya chini, mlango huu hautoi sauti hata chembe. Unatoa taarifa tu: pedi namba fulani imepigwa, sasa hivi, kwa nguvu kiasi fulani. Taarifa hizo zinaitwa MIDI.

Mwanakwaya atanielewa haraka. Karatasi ya nota, ile ya d, r, m, f, haiimbi. Ukiiweka mezani inakaa kimya. Lakini ukiipa kwaya ya vijana itaimba hivi, ukiipa kwaya ya akina mama itaimba vile, na wimbo utakuwa uleule. MIDI ni karatasi ya nota ambayo mpiga dramu anaiandika kwa fimbo, wakati uleule anapopiga. Kwa hiyo anayechomeka USB, anabonyeza kitufe chekundu, anapiga dakika nne kwa jasho, halafu anasikiliza na kukuta kimya, asikimbilie kusema kauziwa waya feki. Karatasi anayo. Bado hajaita kwaya ya kuiimba.

Lugha hii si mpya, na hiyo ni faida yake. Januari 1983, kwenye maonyesho ya vyombo vya muziki ya NAMM huko California, vinanda viwili vya kampuni zinazoshindana, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, viliunganishwa kwa waya na vikaelewana mbele ya watu. Mwaka 2013 Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland walipewa tuzo ya ufundi ya Grammy kwa kazi hiyo. Seti ya dramu iliyotumika miaka mingi na kuuzwa kwa mkono wa pili bado inazungumza na programu iliyotoka juzi, kwa sababu hiyo.

Sasa kwa nini usumbuke na karatasi wakati sauti iko pale kwenye tundu la hedifoni? Ukirekodi sauti, unapata mchanganyiko mmoja, kushoto na kulia. Snea ikiwa kubwa mno, imekuwa kubwa mno. Ukiishusha, unashusha na besi ya mguu na kreshi zote. Fimbo ikigusa ukingo kimakosa dakika ya tatu, inabidi kurudia au kukata. Ukirekodi MIDI, kila pigo linakaa peke yake kama punje ya karanga kwenye sinia. Unaokota lile moja unalotaka, unalipunguza nguvu, unalifuta au unalihamisha. Na la muhimu kuliko yote kwetu: mwaka kesho, mtu mwenye kompyuta nzuri na dramu nzuri za programu anaweza kuchukua mapigo yaleyale ya mpigaji wetu na kuyapa sauti bora, bila yeye kuwepo. Tunachohifadhi ni mikono yake. Boksi letu lina sauti za kawaida sana, na kusema kweli kreshi yake inafanana na sufuria.

Njia ya sauti nayo ina mahali pake. Kama unataka tu demo ya haraka ya kutuma kwenye grupu, au kama sauti za boksi lako ni nzuri na umezipenda, chukua waya kutoka tundu la kutolea sauti hadi kwenye kadi ya sauti ya nje na umalize kazi. Ukiweza, rekodi vyote viwili kwa pamoja, MIDI kwenye treki moja na sauti kwenye nyingine. Haigharimu kitu zaidi ya nafasi kidogo kwenye diski.

Kuhusu programu sitakaa sana, maana kila mtu ana dini yake. Mwenye Mac anayo GarageBand tayari, bure. Sisi wa Windows tunatumia Reaper: inapakuliwa haraka, haili bando, unaruhusiwa kuijaribu siku 60 na leseni ya mtu binafsi ni dola 60. FL Studio, ambayo ndiyo wana wengi wanaotengeneza biti wanaijua, nayo inafaa, ila ujue toleo lake la majaribio haliwezi kufungua tena kazi uliyohifadhi. Ukifunga kompyuta, wimbo wako unautazama jina tu. Hizi zilizodukuliwa zinazozunguka kwenye flashi sizipendekezi, si kwa uchamungu bali kwa sababu sitaki virusi kwenye laptopu yenye ripoti yangu ya mafunzo kwa vitendo.

Baada ya programu unahitaji “kwaya”, yaani plagini yenye sauti za dramu. Ya kuanzia ambayo ni ya bure na inatosha kabisa ni MT Power Drum Kit 2. Usianze na zile za GB nyingi. Laptopu ya GB 4 itahema.

Mpangilio wenyewe ni mfupi. Chomeka USB na uwashe boksi kabla hujafungua programu. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vya MIDI, ruhusu boksi lako liingize taarifa. Fungua treki mpya, iambie ipokee MIDI kutoka kwenye boksi hilo, weka plagini ya dramu juu ya treki hiyo, kisha washa kitufe cha kusikiliza wakati wa kurekodi. Piga snea. Ukisikia snea, umeshavuka mto.

Kuna wakati utapiga tomu na kusikia kengele ya ng'ombe, au upige ukingo wa hai-hati na usisikie chochote. Hapo hakuna kilichoharibika. Kila pedi hutuma namba, na namba hizo zina utaratibu unaojulikana: 36 ni besi ya mguu, 38 ni snea, 42 ni hai-hati iliyofungwa, 46 iliyofunguliwa, 49 kreshi, 51 raidi. Kengele ni 56. Shida ni kwamba watengenezaji huongeza zao. Maboksi kadhaa ya Roland, kwa mfano, hutuma 22 na 26 kwa ukingo wa hai-hati, namba ambazo hazimo kabisa kwenye orodha ile ya kawaida, na plagini isiyozijua inanyamaza. Piga pedi moja moja, soma namba inayoingia kwenye programu, iandike kwenye karatasi, halafu nenda kwenye plagini au kwenye boksi uzipatanishe. Ni kazi ya nusu saa, na ukiihifadhi hutairudia.

Wakati uko hapo, angalia na nguvu za mapigo. Kila pigo lina kipimo cha 1 hadi 127. Mwambie mpigaji apige kwa kunong'ona, kisha kawaida, kisha kwa hasira. Kama yote yanasoma 127, pedi ina hisia kali mno na wimbo wako utakuwa wa kelele mwanzo mwisho. Shusha hisia ya pedi kwenye boksi. Kama yale ya kunong'ona hayafiki kabisa, pandisha. Na kama ukipiga tomu kreshi nayo inaandikwa, ujue mtikisiko unapita kwenye fremu: kaza vibano, na ukishindwa, maboksi mengi yana mpangilio wa kuzuia pedi moja isiiamshe nyingine. Haya yafanye kabla ya kurekodi. Wimbo ambao mapigo yake yote yana nguvu moja hauna dawa ya uhakika baadaye.

Sasa tufike kwenye tatizo linalowafanya wengi waikunje seti na kurudi kwenye kubofya biti kwa kipanya: kuchelewa. Unapiga, na sauti inakuja baadaye kidogo, kama simu ya kimataifa ya zamani. Mpigaji anaanza kuvutana na mwangwi wake mwenyewe, na ndani ya mistari minne mdundo umelegea.

Sababu yake ni hii. Kompyuta haimwagi sauti tone kwa tone. Inaijaza kwenye ndoo kwanza, ndoo ikijaa ndipo inamwaga kwenye hedifoni. Ndoo hiyo inaitwa bafa, na ukubwa wake unahesabiwa kwa sampuli, yaani vipande vidogo sana vya sauti. Kwa kasi ya kawaida ya sampuli 44,100 kwa sekunde, bafa ya 1024 ni takriban milisekunde 23. Inaonekana ni kitu kidogo. Lakini sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 23 ni sawa na kupiga snea iliyo mita 8 kutoka masikioni mwako. Jaribu kuwazia hilo. Bafa ya 128 ni kama milisekunde 3, sawa na mita moja, na hapo mpigaji anajisikia yuko nyumbani. Kiuhalisia kuchelewa kwa jumla huzidi kidogo hesabu hii, maana draiva na boksi lenyewe nao wanachukua chao.

Kwa Windows, hatua ya kwanza ni kuacha draiva ya sauti ya kawaida na kutumia ya aina ya ASIO. Mwenye kadi ya sauti ya nje hupewa yake na mtengenezaji. Asiye nayo anaweza kuweka ASIO4ALL, ambayo ni ya bure. Kisha shusha bafa hadi 256, halafu 128. Sauti ikianza kutatarika kama redio mbovu, ndoo imekuwa ndogo kuliko nguvu ya kompyuta. Panda hatua moja.

Laptopu yangu hutatarika hata kwenye 256. Tulichofanya ni ujanja ambao nadhani kila mwenye kompyuta dhaifu angeanza nao: wakati wa kurekodi, mpigaji haisikilizi kompyuta kabisa kwa upande wa dramu. Anasikiliza boksi, ambalo kwake halina kuchelewa kunakosikika. Plagini tunaizima. Kompyuta inaandika MIDI kimyakimya, kama karani. Ili asikie kliki na wimbo wa kumwongoza, tunachukua waya mdogo wa jeki kutoka tundu la hedifoni la laptopu hadi tundu la kuingizia sauti la boksi, lile lililoandikwa AUX IN, na yeye anavaa hedifoni za boksi. Anapata kila kitu sikioni, bafa unaweza kuiacha kubwa, na laptopu haihemi. Tukimaliza tunawasha plagini na kusikiliza. Ukikuta mapigo yote yamechelewa kwa kiasi kilekile ukilinganisha na kliki, yashike yote kwa pamoja uyarudishe nyuma milisekunde chache. Ni mara moja tu. Kiasi hicho hakibadilikabadilika usipogusa mipangilio.

Sasa kliki. Programu nyingi zikifunguka zinadhani kila wimbo duniani ni wa 4/4. Nyimbo zetu nyingi za kwaya zinatembea kwa 6/8 kisha zinaingia sebene, na sebene inakuja na mwendo mwingine. Ukiacha mipangilio ilivyo, kati ya pigo kubwa moja na jingine wimbo wako una sehemu tatu wakati mistari ya gridi inagawa nne. Mpigaji anaweza kuvumilia, maana sikio lake linajua. Programu haijui, na utaiona baadaye ukijaribu kusahihisha: itayavuta mapigo kwenye mistari ambayo si yake na 6/8 yako itageuka kitu kinachochechemea. Kwa hiyo panga 6/8 kabla ya pigo la kwanza. Na pale sebene inapoanza, weka alama ya mwendo mpya, au fanya kama sisi: rekodi ubeti na kiitikio kama kazi moja, sebene kama kazi nyingine, halafu ziunge. Ile mizunguko minne ya kupandisha mwendo taratibu inayofanywa jukwaani tumeamua kuirekodi bila kliki kabisa. Kliki inayopanda polepole tuliijaribu. Inamfanya mtu apige kama anayehesabu ngazi gizani.

Hapa nina msimamo, na sio wote wananiunga mkono. Kila programu ina amri ya kunyoosha, inayovuta kila pigo hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu. Ni tamu. Unabonyeza mara moja na kila kitu kinakaa kwenye mstari kama gwaride. Rafiki yangu anayetengeneza biti hunyoosha kila kitu kwa asilimia 100 na kwa muziki wake ni sawa, kwa sababu biti yake ilizaliwa kwenye gridi. Mpigaji wetu hakuzaliwa huko. Kwenye ubeti anachelewesha snea kidogo sana, kama mtu anayeburuta ndala akielekea bafuni, na kwenye kiitikio anaisogeza mbele. Waimbaji wanaegemea ucheleweshaji huo bila kujua. Tuliponyoosha wimbo mmoja kwa asilimia 100 ili kulinganisha, ulisikika kama mdundo wa kinanda uliokuja nacho dukani. Hakuna pigo lililokosewa, na hakuna mtu aliyebaki humo ndani.

Ninachopendekeza ni kusikiliza kwanza bila kutazama skrini. Macho yanachongea mapigo ambayo sikio halina kesi nayo. Pigo linalokukwaza masikioni, lirekebishe hilo tu, kwa mkono. Kama sehemu nzima imeyumba, tumia kunyoosha kwa nguvu ya nusu, asilimia 50 hivi, ili mapigo yasogee kuelekea mstari bila kufika. Na yale mapigo ya kunong'ona ya snea, katikati ya mapigo makubwa, usiyaguse. Mengi yana nguvu ya 20 au 30 kati ya 127 na kwenye skrini yanaonekana kama uchafu wa kufutwa. Yafute uone jinsi wimbo unavyokauka.

Umeme. Laptopu ina betri, boksi halina. Ukikatika katikati ya wimbo, programu inabaki hewani lakini boksi limekufa, na ukirudi mara nyingi programu hailioni tena hadi uifunge na kuifungua. Kwa hiyo hifadhi kila baada ya jaribio moja, na washa kuhifadhi kwa otomatiki. Kwa usumbufu wa majirani, hedifoni zinasaidia kwa sauti ya dramu lakini sio kwa pedali ya mguu, ambayo inagonga sakafu na kushuka kwa walio chini. Kipande cha godoro chini ya pedali kinapunguza sana. Hakimalizi, lakini wiki ya mitihani kinakupa hadi saa nne usiku badala ya saa mbili.

Mwisho wa kila wimbo, toa vitu viwili. Toa sauti ya WAV kwa ajili ya kusikiliza na kuchanganya na vyombo vingine. Hiyo ni takriban MB 10 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne unakaribia MB 40. Halafu toa faili la MIDI peke yake, lenye mwisho wa .mid. Hilo halifiki hata MB 1. Kwa wimbo wa dakika nne ni kilobaiti makumi tu, dogo kuliko picha moja ya simu, na unaweza kulituma kwa bando lililobaki la mia mbili. Watu wengi huacha MIDI ndani ya mradi wa programu na kusahau kuitoa, kisha programu inabadilishwa na mradi haufunguki. Faili la .mid linafunguka popote. Liandike jina la wimbo, mwendo wake na tarehe, weka na ile karatasi ya namba za pedi uliyoipiga picha, na usambaze kwa watu watatu tofauti wa kikundi, angalau mmoja wao awe mwaka wa kwanza. Sisi hadi sasa tumetoa saba. Zimebaki nne, na moja kati ya hizo ina sebene ya dakika sita.